Mtoto Asiyetulia Anafundishika, Tuanzie Nyumbani

Na Katibu wa Kamati ya Msikiti, Bukoba

Katika madrasa zetu, kuanzia Hamugembe na Kashai mjini Bukoba hadi Kamachumu na Izigo wilayani Muleba, kuna neno ambalo akina mama wamezoea kulisikia: "Amerudishwa." Mtoto wa miaka mitano au sita hupelekwa kusoma, hukaa wiki mbili au tatu, kisha ustadhi humrudisha na ujumbe kwamba hatulii, anawavuruga wenzake, na aletwe tena akishakua. Mama humpeleka madrasa ya pili, na huko nako mambo huwa yale yale. Mwisho mtoto hubaki akizurura migombani huku wenzake wamekwishaingia Juzuu Amma, na anapofikisha miaka kumi hajui hata alifu kwa kijiti. Watu humwona ni mtoto aliyeshindikana, ilhali hakuna aliyemfundisha.

Jambo hili limefika mezani kwa kamati ya msikiti wetu. Limetolewa pendekezo kwamba mtoto atakayerudishwa mara tatu afutwe jina katika daftari la madrasa. Uamuzi haujapitishwa. Kazi yangu kama katibu ni kuandika muhtasari wa wanayosema wengine, lakini kuandika muhtasari hakumnyimi mtu rai, na rai yangu ni kwamba pendekezo hilo likataliwe. Mtoto wa namna hii anafundishika. Sehemu kubwa ya mafundisho yake inapaswa kufanyika nyumbani, kidogo kidogo, kwa mikono na miguu yake, na madrasa impokee kwa kadiri anavyoweza bila ya kumfutia jina.

Kwanza tumtambue ni mtoto gani tunayemzungumzia. Simkusudii mtoto mjeuri anayejua anachokatazwa akakifanya kwa makusudi. Namkusudia yule anayeanza kusoma kwa furaha, kisha pikipiki ikipita barabarani amekwishasimama. Anayetumwa chumvi dukani akarudi na jiwe zuri aliloliokota njiani, chumvi ameisahau. Anayejibu swali kabla halijamalizika kuulizwa. Usiku akilala hutamani kumbusu, mchana unatamani kujificha.

Atakayetaka kujua kama mtoto huyu ana umakini au hana, amtazame msimu wa senene. Mwezi wa Novemba na Desemba, na mara nyingine Aprili na Mei, senene wakiwa wametua kwenye majani alfajiri, mtoto yule yule aliyeshindwa kukaa jamvini dakika tano huinama kwenye umande saa nzima. Macho ameyakaza, mkono unakwenda polepole, hasemi, hageuki hata akiitwa. Chupa yake hujaa kabla ya za kaka zake. (Na kwa wageni wa mkoa wetu wanaouliza: Waislamu wa Kagera huwala senene wakiwahesabu katika jamii ya nzige, ambao Hadithi imewahalalisha.) Mtoto huyu basi umakini anao. Unakwenda kwenye kitu kinachotembea, kinachoshikika, na ambacho malipo yake yanaonekana papo hapo. Juzuu iliyolala juu ya marufaa haina hata kimoja kati ya hivyo vitatu, mpaka mwalimu avitie yeye.

Anas na watoto wa sokoni

Kisa ninachopenda kuwasimulia wazazi ni cha Anas bin Malik (R.A.). Mama yake, Ummu Sulaym (R.A.), alimpeleka kumtumikia Mtume (S.A.W.) akiwa na umri wa miaka kama kumi. Imepokelewa katika Sahihi Muslim kwamba siku moja Mtume (S.A.W.) alimtuma mahali. Kwa ulimi Anas alisema haendi, lakini moyoni amekusudia kwenda. Akatoka, akawakuta watoto wakicheza sokoni, na hapo hapo safari ikakatika. Ghafla akahisi ameshikwa kisogoni kwa nyuma. Alipogeuka alimwona Mtume (S.A.W.) anacheka, akamwita Unays, yaani jina lake kwa kulidogosha kama tunavyowadekeza watoto, akamuuliza iwapo amekwenda alikomwagiza. Anas akajibu kwamba ndiyo kwanza anakwenda.

Tulitazame tukio hili kwa jicho la mlezi. Mtume (S.A.W.) hakupiga kelele kutoka mlangoni, alimfuata mtoto mwenyewe. Hakuanza na maneno, alianza na mkono, kwa sababu mtoto ambaye akili yake imechukuliwa na mchezo hasikii sauti ya mbali. Kisha akasema jambo moja tu, lile lile alilomtuma. Hakumkumbusha makosa ya jana wala hakumlinganisha na kijana mwingine. Anas mwenyewe anasimulia kwamba katika miaka yote aliyomtumikia hakuwahi kuulizwa kwa nini amefanya hili au kwa nini ameacha lile. Na huyu kijana aliyeusahau ujumbe njiani ndiye aliyekuja kuupokelea Umma Hadithi zaidi ya 2,000, miongoni mwa Maswahaba waliopokea nyingi kuliko wote. Laiti angefutwa jina kwenye daftari siku ile ya sokoni!

Yapo mengine tunayoyajua sote. Mtume (S.A.W.) aliswalisha akiwa amembeba mjukuu wake Umama, akimweka chini anaposujudu na kumnyanyua anaposimama. Alirefusha sijda kwa sababu mjukuu wake mwingine alikuwa amempanda mgongoni, naye hakutaka kumkatiza mtoto. Leo mtoto akipita mbele ya safu katika misikiti yetu, wazee huanza kumkemea kabla hata imamu hajatoa salamu.

Na kuhusu urefu wa somo, Ibn Mas'ud (R.A.) alikuwa akiwawaidhi watu kila Alhamisi. Walipomwomba iwe kila siku alikataa, akieleza kwamba anachelea kuwachosha, na kwamba Mtume (S.A.W.) naye alikuwa akiwapumzisha kwa kuchelea hilo hilo. Hao walikuwa watu wazima, tena Maswahaba na wanafunzi wao. Sisi tunamkalisha mtoto wa miaka mitano tangu saa nane mchana hadi saa kumi na moja jioni, kisha tunashangaa anapowafinya wenzake.

Shule ni wajibu, nyumba ni msingi

Hapa niweke wazi jambo moja ili nisieleweke vibaya. Wapo ndugu waliosikia kwamba Marekani na Uingereza mzazi anaruhusiwa kumsomesha mwanawe nyumbani moja kwa moja bila kumpeleka shule, wakatamani kufanya hivyo hapa, hasa mtoto anapokuwa msumbufu. Kwetu njia hiyo haipo. Sheria ya Elimu, Sura ya 353, inamtaka mzazi amwandikishe mtoto shule ya msingi na ahakikishe anahudhuria, na anayepuuza anatenda kosa. Ninapozungumzia kufundisha nyumbani nina maana ya miaka ya kabla ya darasa la kwanza, saa za baada ya shule, siku za wikiendi na likizo. Ukizijumlisha saa hizo utakuta ni nyingi kuliko zile anazokaa darasani.

Uwezo huo tuliuonja mwaka 2020. Tarehe 17 Machi Serikali ilitangaza kufunga shule kwa sababu ya korona, na za msingi hazikufunguliwa hadi tarehe 29 Juni. Kwa zaidi ya siku 100 kila sebule iligeuka darasa. Nilichokiona mtaani kwetu ni kwamba nyumba zilizojaribu kuiga shule, meza na ratiba ya ukutani kuanzia saa mbili hadi saa sita, nyingi zilichoka kabla ya wiki mbili kwisha, na zenye watoto machachari ndizo zilizochoka mapema zaidi. Zilizodumu ni zile ambazo mama alilichomeka somo katikati ya kazi zake: hesabu wakati wa kumenya ndizi, sura fupi njiani kwenda kisimani, kusoma kidogo kabla ya kulala.

Somo la dakika saba

Nimetaja dakika saba kwa sababu ndizo ambazo mama mmoja wa huku kwetu aliniambia zinamtosha mwanawe. Wako watakaoweza kumi, wako watakaoishia nne. Kanuni ni kwamba somo likome kabla mtoto hajachoka, akiwa bado anataka zaidi, kisha akimbie, kisha arudi. Vipande vinne vya dakika saba kwa siku ni karibu nusu saa ya kusoma kwa kweli, na mtoto aliyekaa saa tatu jamvini akitazama dirishani huenda hajapata hata robo ya hiyo.

Saa nzuri ni baada ya swala ya alfajiri, kabla nyumba haijaamka yote. Mtoto akae akiielekea ukuta, asiuelekee mlango wala barabara. Redio izimwe, simu iondolewe isionekane. Hili la simu lina uzito wake, kwa sababu akina baba wengi humfundisha mtoto huku kidole kinapekua ujumbe, halafu wakalalamika kwamba mtoto hana umakini.

Kisha somo lipewe mwili. Kwetu Kagera hatuna uhaba wa vifaa. Chukua herufi tatu zinazowachanganya watoto: be, te na the. Zote zina umbo la mtumbwi. Mchoree mtoto mtumbwi mkubwa kwa mkaa uani, mpe punje za buni, kisha umwambie: punje moja chini ya mtumbwi ni be, mbili juu yake ni te, tatu juu yake ni the. Mtoto anayechora, anayechuchumaa na kupanga punje kwa mkono wake hasahau upesi kama anayetazama tu. Jimu, he na khe hufuata njia hiyo hiyo, umbo moja na nukta zinazohama.

Sura fupi zifundishwe kwa miguu. Surat Al-Kawthar ina aya tatu, Al-Ikhlas nne, Al-Falaq tano, An-Nas sita. Chagua migomba minne iliyosimama kwa mstari, kila mgomba uwe na aya yake ya Al-Ikhlas, na mtoto asome aya anapougusa mgomba. Akikosea anarudi mgomba wa nyuma, harudi mwanzo. Kurudishwa mwanzo ndiko kunakomvunja moyo mtoto wa aina hii. Wapo watakaoona huu ni mchezo usioendana na heshima ya Qur'an. Nawajibu kwamba vyuo vyetu vya zamani havikuwahi kumtuliza mtoto kama sanamu: watoto walisoma wakiyumba mbele na nyuma, kwa sauti ya juu, kila mmoja mahali pake, na mwalimu akimsikiliza mmoja mmoja. Mtoto mwepesi alisonga, mzito akabaki pale alipo bila kuaibishwa. Kumkalisha kila mtoto kimya, ukurasa mmoja kwa wote, ni utaratibu tuliouchukua darasani. Kilichobaki na heshima yake ni Msahafu wenyewe, ambao haushikwi kwa mchezo, na mtoto afundishwe hivyo tangu mwanzo.

Hesabu nazo ziko jikoni. Mkungu una chane ngapi? Chane hii ina ndizi ngapi? Tukipika chane mbili zinabaki ngapi? Mtoto ahesabu kwa kushika. Kuandika kuna mchanga. Katika mialo ya Muleba na visiwani kama Bumbire, ambako mama hushinda akianika dagaa na baba aliyevua usiku kucha amelala mchana, hakuna ubao mpana kuliko ufuo wenyewe. Lakini huko kuna tahadhari ambayo haina mjadala: mtoto asiyetulia na ziwa haviachwi pamoja bila ya macho ya mtu mzima, hata kwa dakika ya kwenda kuchukua kuni. Somo la mchangani lifanyike mbali na maji, mkubwa akiwa ameketi upande wa ziwa na mtoto upande wa nchi kavu.

Maagizo yatolewe moja moja. "Vua viatu, weka mkoba, nawa, ule, halafu ulete juzuu" ni maagizo matano, na mtoto huyu atayafikisha mawili. Mwambie avue viatu. Akishavua mshukuru, umpe la pili. Na shukrani iseme alichofanya: "Umemaliza mstari wote bila kuinuka" humwingia mtoto kuliko "vizuri" inayotupwa hewani.

Mvua ni mtihani wa pekee. Bukoba ni miongoni mwa miji inayopata mvua nyingi zaidi nchini, na mtoto aliyefungiwa chumbani siku nzima kwa ajili ya mvua hulipuka jioni. Siku hizo apewe kazi nzito za ndani: kuburuta ndoo, kutwanga, kukunja nguo, kubeba maji kwa kidumu kidogo kutoka pipa hadi jikoni. Baada ya kazi yenye kutoa jasho ndipo dakika saba zifuate.

Usingizi nao tusiusahau. Mtoto wa miaka mitatu hadi mitano anahitaji kulala saa 10 hadi 13 kwa siku, pamoja na usingizi wa mchana. Wa miaka sita hadi 12 anahitaji saa tisa hadi 12. Katika nyumba nyingi mtoto hutazama tamthilia na wakubwa hadi saa nne usiku, kisha huamshwa saa kumi na moja alfajiri. Hizo ni saa saba. Mtoto mdogo akikosa usingizi mara nyingi hasinzii kama mtu mzima, huzidi kurukaruka. Ama sukari ya chai, ambayo bibi zetu huilaumu, haina hatia: tafiti zilizofanywa kwa watoto hazikuona kwamba sukari ndiyo inayowatia utukutu. Ina madhara mengine, kwa meno hasa, lakini si hilo.

Fimbo

Haiwezekani kuandika juu ya mtoto mtukutu bila ya mtu kuuliza kuhusu fimbo, na mara nyingi swali huja pamoja na Hadithi ya kuwaamrisha watoto swala wakiwa na miaka saba na kuwapiga kwa kuiacha wakiwa na miaka kumi. Hadithi hii imepokelewa na Abu Dawud, na si haki kuitumia nusu. Kati ya saba na kumi kuna miaka mitatu. Kwa swala tano kila siku, hiyo ni zaidi ya mara 5,000 za kuamrisha kwa wema kabla ya kufikiria jambo jingine. Nani kati yetu amefikisha hata mara 500? Tena wanazuoni wakaweka masharti: isiwe usoni, isiache alama, isiwe kwa hasira, na isiwe kwa mtoto wa chini ya kumi. Mtoto wa miaka mitano anayetazama dirishani wakati wa kusoma hamo kabisa katika Hadithi hiyo.

Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, ameandika katika Ihya kwamba mtoto aachwe acheze mchezo mzuri baada ya kutoka chuoni, kwa kuwa kumzuia kucheza na kumchosha daima kwa masomo huua moyo wake, huzima akili yake na kumfanya atafute hila za kukwepa. Ibn Khaldun naye, katika Muqaddimah, ametenga mlango mzima kuonyesha kwamba ukali kwa wanafunzi huwazalishia uongo na uvivu. Hawa hawakuathiriwa na Wazungu, kama baadhi yetu tunavyopenda kusema kila fimbo inapokosolewa.

Serikali nayo imeweka mipaka. Kanuni za mwaka 2002 za adhabu ya viboko shuleni zinataka idhini ya mkuu wa shule, viboko visizidi vinne, na iandikwe daftarini. Sheria ya Mtoto Namba 21 ya mwaka 2009 inakataza adhabu za kikatili popote, nyumbani na madrasani pia. Hapa Bukoba hatuhitaji kukumbushwa kwa mbali. Mwezi wa Agosti 2018 mwanafunzi wa darasa la tano katika shule moja ya msingi ya manispaa yetu alifariki dunia baada ya kupigwa na mwalimu, na kesi ikafika Mahakama Kuu. Ustadhi anayeinua bakora juu ya mtoto wa watu na amkumbuke marehemu yule.

Palipo na ugonjwa

Si kila utukutu ni tabia ya utoto tu. Mzazi aanze na masikio na macho. Mtoto mwenye sikio linalotoa usaha husikia nusu ya maneno, akageuka kutafuta yaliyobaki, tukasema hana adabu. Asiyeona ubaoni hutafuta pa kutazama pengine. Vipimo hivi viulizwe katika kituo cha afya kilicho karibu au Hospitali ya Rufaa ya Mkoa hapa Bukoba.

Ipo pia hali ambayo madaktari wa afya ya akili wanaitambua, ya upungufu wa umakini unaoambatana na kutotulia kulikopita kiasi. Hawaitambui kwa kumtazama mtoto mara moja. Huuliza kama dalili zimedumu kwa miezi sita au zaidi, kama zinaonekana nyumbani na shuleni pia, na kama zinamzuia mtoto kujifunza na kuishi na wenzake. Hutokea zaidi katika baadhi ya familia, na haisababishwi na malezi mabaya. Ina matibabu, na kwa anayehitaji zaidi rufaa ya Bugando, Mwanza, inaweza kuombwa.

Mama mmoja aliniuliza, "Ustadhi, si jini huyu?" Nilimjibu, "Mama, msomee Mu'awwidhatayn kila jioni kama Mtume (S.A.W.) alivyotufundisha, na hilo ufanye kwa watoto wako wote. Lakini fedha unayotaka kumpelekea mganga wa hirizi, ipande daladala uende nayo hospitali." Aliyemwambia kwamba mwanawe amepagawa hakuwahi kumkagua masikio.

Na tusiwasahau mabinti. Mvulana asiyetulia huonekana kwa sababu anaruka. Binti mara nyingi hukaa kimya kabisa na akili iko mbali. Hamsumbui mtu, kwa hiyo harudishwi. Hupita madarasa bila kushika kitu, akaitwa mzito. Dakika saba, punje za buni na migomba ya aya ni vyake pia.

Tunachopeleka kwenye kamati

Mzigo huu usiachwe kwa mama peke yake. Katika nyumba nyingi za kwetu mama ndiye anayelima, anayepika, anayefundisha na anayelaumiwa. Baba anaweza kuchukua kipande kimoja cha dakika saba baada ya alfajiri, na kile cha kati ya magharibi na isha. Akitembea na mtoto kwenda msikitini, njia yenyewe ni somo la sura moja kwenda na moja kurudi.

Kwa upande wa madrasa, ustadhi mmoja mwenye watoto 60 juu ya majamvi hawezi kumfuata Anas wake sokoni, na si haki kumlaumu yeye tu. Kwa hiyo badala ya kufuta majina, nimeiandikia kamati mapendekezo yafuatayo. Mtoto asiyetulia aje madrasa nusu saa tu, mwanzoni, wakati ustadhi bado ana nguvu, kisha aondoke na aliyekuja naye. Akae mstari wa mbele, karibu na mkono wa mwalimu. Apewe kazi ya kusimama: kugawa juzuu, kufuta ubao, kujaza mabirika ya udhu. Na liwepo daftari dogo linalokwenda na kurudi, ustadhi akiandika aya au herufi ya siku ile, mzazi akiandika kilichofanyika nyumbani na kilichoshindikana. Asiyejua kuandika aweke alama ya vema au mkasi, inatosha.

Nusu saa hiyo iongezwe kwa dakika tano kila mtoto anapoonyesha kwamba ameizoea, bila kumlinganisha na mwingine. Kuna atakayefika saa nzima baada ya miezi miwili, na kuna atakayebaki kwenye nusu saa mpaka mwaka uishe. Wote wawili majina yao yabaki daftarini. Kikao kinachofuata ni baada ya swala ya Ijumaa, na akina mama ambao watoto wao wamerudishwa wamealikwa kuja kusema wenyewe. Wakija na watoto, uani kuna nafasi ya kutosha, na punje za buni nimeziweka kwenye kopo pale ofisini.